Tata Raphaël, padri aliyeweka mupira ndani ya masomo

Ukitaja stadi Tata Raphaël ya Kinshasa, watu wengi wanafikiri mara moja Mohamed Ali na George Foreman. Ni haki yao. Ile usiku ya tarehe 30 mwezi wa kumi mwaka wa 1974, dunia nzima ilikuwa inatazama pale, na Ali akamuangusha Foreman katika raundi ya nane. Lakini mwenye jina hilo hakuwa mupiga ngumi, hakuwa waziri, wala hakuwa tajiri aliyetoa pesa za kujenga. Alikuwa padri na mwalimu wa watoto, na wakati Ali anapigana pale alikuwa amekwisha kufa miaka 18.

Maisha yake yanafaa kujulikana huku Butembo na Beni pia, mahali ambapo saa ya jimnastiki iko imeandikwa kwenye orodha ya juma ya kila masomo ya musingi, lakini mara nyingi inamezwa na hesabu ama kifaransa, zaidi sana katika mwaka wa sita wakati mutihani wa mwisho unakaribia.

Jina lake lote lilikuwa Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Alizaliwa tarehe 14 mwezi wa nane mwaka wa 1890 huko Sint-Michiels, karibu na muji wa Bruges, katika inchi ya Ubelgiji. Jamaa yake ilikuwa ya ukoo wa vyeo, na angeweza kubaki kwao akala maisha polepole. Yeye akaingia katika shirika la mapadri wa Scheut, ambao walikuwa Kongo tangu mwaka wa 1888. Mwaka wa 1917, vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado inawaka, akafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Hakuwa amefikisha miaka 30.

Léopoldville ya wakati ule haikuwa muji kama tunavyoujua sasa. Ilikuwa kambi kubwa ya kazi. Vijana walitoka kila upande, wakakuja kufanya kazi kwenye meli za muto, kwenye reli, kwenye magazini ya Wazungu. Waliacha nyuma babu na nyanya, wakaacha kijiji na michezo yake. Watoto waliozaliwa pale hawakuwa na mutu wa kuwaonyesha kuwinda, kucheza ngoma ama kukimbizana kando ya muto. Mutoto wa muji alikuwa na barabara tu. Mutu yeyote aliyeona watoto wa wakimbizi waliofika Beni toka Eringeti ama toka njia ya Mbau anaelewa hali ile bila maelezo marefu: mwili uko muzima, lakini mahali pa kuuchezesha hakuna.

Masomo ya watu weusi wakati ule yalikuwa karibu yote mikononi mwa misheni. Padri Raphaël akapewa watoto wa kufundisha, na mapema sana akaona kwamba kuwaketisha tu kwenye benchi hakutoshi. Akaweka jimnastiki. Akaweka mupira. Kisha akaleta skauti, muziki wa baragumu na ngoma, na tiatri. Watu wakaanza kumuita Tata Raphaël. Kwa lingala tata ni baba, na Munande pia hana haja ya kutafsiriwa neno hilo.

Jimnastiki ya miaka ile haikufanana na muchezo. Watoto walisimama kwa mustari, mikono juu, mikono chini, magoti, hesabu moja mpaka nne, na mwalimu mbele na filimbi. Namna hiyo ilitoka Ulaya, ambako masomo na jeshi viliazimana mambo mengi. Ilikuwa na faida yake: mutoto alinyoosha mugongo, alijifunza kupumua, alijua mukono wa kuume na wa kushoto, alizoea kusikiliza. Lakini mutoto hakuchagua kitu hata kimoja. Mupira ulikuwa tofauti. Ndani ya mupira, hata kama padri ndiye mwenye filimbi, mutoto anapaswa kuamua mwenyewe ndani ya nusu sekunde kama atapiga, atapitisha ama atabaki nao. Walicheza miguu mitupu, na si kwa muda mufupi tu; miaka mingi kisha, wachezaji weusi wengi wa Léopoldville walikuwa bado hawavai viatu uwanjani.

Hapa inafaa kutaja mutu mwingine wa rika lake, aliyekuwa mbali sana na Kongo. Mwanasayansi wa Uswisi Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka wa 1896, alitoa mwaka wa 1932 kitabu juu ya namna watoto wanavyofikiri mema na mabaya. Kwa kukiandika aliketi chini na watoto wa Geneva na Neuchâtel wanaocheza bili, zile bili ambazo watoto wa Butembo wanaziweka mufukoni mpaka leo, na akawauliza nani aliyetunga sheria za muchezo, na kama sheria inaweza kubadilishwa. Wadogo walimujibu kwamba sheria ilitoka kwa wakubwa na haiguswi. Wale waliokaribia miaka 10 ama 12 walikuwa wamegundua kitu kingine: sheria ni mapatano, na kama wote wanakubali, inaweza kubadilika. Kumbe mutoto hajifunzi haki kwa kuambiwa tu. Anaijifunza wakati anabishana na wenzake kama bili imegusa mustari ama haikugusa.

Tata Raphaël na Piaget walikuwa watu wa njia mbili. Padri aliamini usimamizi: mwili unaofundishwa vizuri unazaa roho inayotii. Hakutaka watoto watunge sheria, alitaka wazishike. Hata hivyo, historia yenyewe ilionyesha kwamba mutoto akipewa mupira, hachukui tu kile mwalimu alichokusudia kumupa.

Kazi ya Léopoldville ilikwenda mbio. Mwaka wa 1919, miaka miwili tu tangu afike, alianzisha shirika la michezo la Wakongomani, Association Sportive Congolaise. Mwaka wa 1925 akaanzisha ADAPES, umoja wa wanafunzi wa zamani wa mapadri wa Scheut. Mawazo yake yalikuwa mepesi kuelewa: mutoto anayemaliza masomo akiwa na miaka 13 ama 14 asipotee barabarani, arudi jioni, acheze, asome gazeti, akutane na wenzake. Mwaka wa 1936 ikazaliwa Daring Faucon, timu ambayo leo inaitwa Daring Club Motema Pembe, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa muanzilishi wake. Mashabiki wa Imana wa Butembo wanaopiga kelele mbele ya radio siku ya mechi na Vita Club, timu yao ilitoka mikononi mwa mwalimu huyo wa masomo.

Mwaka wa 1937 ikafunguliwa stadi Reine Astrid, ambayo leo ina jina la Kardinali Malula. Mwaka wa 1952 ikafunguliwa kubwa zaidi, stadi Roi Baudouin, moja kati ya stadi kubwa za Afrika kwa wakati ule. Kwa mutu aliyeanza na watoto katika kiwanja cha masomo, ilikuwa safari ndefu.

Kile ambacho hakikuwa sawa

Lakini hatuwezi kumupaka mafuta tu. Serikali ya wakoloni haikupenda mupira juu ya kupenda watoto. Wakubwa wa Bula Matari walitaka vijana wachoke jioni, wasikae kuzungumuza siasa. Walitaka wafanyakazi wenye nguvu na wanaofuata saa. Padri mwenyewe alifanya kazi ndani ya mupango huo. Wazungu walikuwa na shirika lao la michezo, weusi na lao. Wazungu walikuwa na masomo yao, weusi na yao. Mutoto mweusi aliambiwa kwamba mupira unafundisha haki, wakati mustari uliowatenga na watoto weupe ulichorwa tangu asubuhi.

Na wasichana? Wao hawakuwa ndani ya hesabu. Masomo ya mabinti yalikuwa kwa masista, na pale waliwafundisha zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Mbio, mupira, stadi, vyote vilikuwa mambo ya wavulana. Hilo deni halijalipwa mpaka leo. Ingia katika kiwanja cha masomo yoyote wakati wa rekreasyo: wavulana wamechukua katikati yote na mupira wao, wasichana wamebanwa kando ya ukuta na kamba yao. Ni bahati kwamba wasichana wa Kongo wana nzango, muchezo wa kuruka, kupiga mikono na kurusha muguu mbele ya mwenzako, ambao hauombi kiwanja kikubwa wala kifaa chochote. Leo nzango ina timu na mashindano yake. Mutu akiuangalia vizuri, unafanya kazi karibu yote ambayo mwalimu wa jimnastiki anatafuta: pumzi, mizani ya mwili, kipimo cha sauti na muguu pamoja, macho yanayosoma mwenzako kabla hajasogea. Na haukutoka Ulaya.

Tata Raphaël alikufa tarehe 25 mwezi wa sita mwaka wa 1956, akiwa kwao Ubelgiji, na miaka 65. Siku chache tu zikapita, na Léopoldville ikasoma Manifesti ya gazeti Conscience Africaine, ambayo kwa mara ya kwanza Wakongomani walisema wazi mbele ya wote kwamba wanataka kujiongoza. Kati ya watu waliokuwa wanapanda wakati ule, wengi walikuwa wamepita katika masomo na umoja wa Scheut. Jean Bolikango, mwalimu katika masomo hayo kwa miaka mingi, aliongoza ADAPES. Joseph Kasa-Vubu alikuwa kati ya wasimamizi wake, mbele ya kuongoza Abako na kuwa prezida wa kwanza wa inchi mwaka wa 1960. Ule umoja uliotungwa ili vijana wasipotee, ndani yake walijifunza kuita mukutano, kuchagua wasimamizi, kuweka sanduku la pesa na kutoa hesabu.

Kisha ikafika Siku ya Mungu, tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka wa 1959. Mukutano wa Abako ulikuwa umekatazwa, watu wakakusanyika na hasira karibu na nyumba ya YMCA. Saa hiyo hiyo, maelfu ya mashabiki walikuwa wanatoka katika stadi Roi Baudouin, ambako Vita Club ilikuwa imepigwa. Vikundi viwili vikakutana barabarani. Muji ukawaka, jeshi likapiga risasi, makumi ya watu wakafa. Siku tisa tu kisha, mufalme na serikali ya Ubelgiji wakatangaza kwamba Kongo itapewa uhuru. Tarehe 4 Januari sasa ni siku ya kupumzika ya kukumbuka mashahidi wa uhuru. Stadi iliyojengwa ili watu wasiingie katika siasa, kutoka kwake ndiko siasa ililipuka. Kama padri angekuwa muzima, hatujui angelia ama angenyamaza.

Huku mashariki

Mambo haya ya Léopoldville yalikuwa mbali na Grand Nord. Huku, mapadri Waasumpsionisti walifika mwaka wa 1929, na masomo ya kwanza yakakua kando ya makanisa yao. Mutu akitembea katika parokia za zamani ataona kwamba mara nyingi mahali palipo sawa zaidi ni kanisa, masomo na kiwanja, vyote vitatu pamoja. Si jambo dogo katika muji kama Butembo, uliokaa juu ya vilima, ambako mupira ukikuponyoka unaufuata mpaka bondeni. Toka viwanja vya namna hiyo na vya kartié wamepanda watoto ambao wakubwa wanawaona leo kwenye stadi Matokeo ya Butembo na stadi Kalinda ya Beni.

Shida ya leo si ile ya mwaka wa 1917, lakini zinafanana kidogo. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014 mauaji katika eneo la Beni yametoa jamaa nyingi katika vijiji. Wanapofika mujini, mara na mara ni vyumba vya masomo vinavyowapokea kwanza, na kiwanja kinageuka jiko na mahali pa kuanika nguo. Mwezi wa nane wa mwaka 2018 Ebola ikatangazwa Mangina, na kwa karibu miaka miwili watoto wa huku walifundishwa kutopeana mukono, kutogusana. Kwa mutoto wa miaka saba, muchezo usiogusana ni muchezo gani? Mbele Ebola haijaisha, mwezi wa tatu mwaka wa 2020 Covid ikafunga masomo yote ya inchi. Tangu 2021 kuna utawala wa kijeshi. Muzazi anayesikia kelele za risasi toka upande wa kilima hamuachi mutoto acheze mbali na nyumba, na hakuna wa kumulaumu.

Halafu kuna jambo la wingi. Masomo ya musingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwezi wa tisa mwaka wa 2019, watoto walijaa madarasani. Ni jambo jema, watoto waliokuwa nyumbani waliingia. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi kuliko benchi, bila mupira hata mumoja, na kiwanja chenye mawe, akifika saa ya jimnastiki anaona heri kuwapa zoezi la hesabu ubaoni. Si uvivu, mara nyingi ni woga wa mutoto kuvunjika muguu.

Shirika la Afya la Dunia, OMS, linaomba kwamba mutoto wa miaka 5 mpaka 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za kutembeza mwili kwa nguvu, na mara tatu kwa juma iwe ile ya kuhemesha kweli na ya kuimarisha mifupa na misuli. Mutu wa Butembo anaweza kucheka. Mutoto wake anapanda kilima na bidon ya lita 20, anasukuma chukudu ya mihogo ama ya kuni, anatembea saa nzima kufika masomo. Dakika 60 amezimaliza mbele ya saa mbili za asubuhi!

Ni kweli, jasho liko. Lakini kazi na muchezo si kitu kimoja kwa mwili wa mutoto. Bidon inabana shingo na mugongo kwa namna moja tu, kila siku, na mifupa ya mutoto ingali laini. Muchezo unageuza mwili pande zote: kuruka, kuinama, kugeuka, kurusha, kusimama kwa muguu mumoja, kuanguka na kujua kuanguka. Chini ya bidon mutoto yuko peke yake na mawazo yake. Katika muchezo anangoja zamu, anakubali kwamba ametoka, anachagua mwenzake, anakasirika na kupoa bila mukubwa kuingilia. Waalimu wenye uzoefu wanajua pia kwamba darasa lililokimbia dakika kumi linaketi na kusikiliza kuliko lile lililofungiwa tangu asubuhi. Na kwa mutoto aliyeona mabaya, muchezo ni mara nyingine lugha ya kwanza inayorudi, mbele ya maneno. Ndiyo maana mashirika yanayosaidia wakimbizi yanaweka mahali pa watoto kucheza. Mapatano ya Haki za Mutoto ya mwaka 1989, ambayo Kongo ilikubali mwaka wa 1990, yanaweka muchezo katika kifungu cha 31 kama haki, pamoja na pumziko. Haikuandikwa kama zawadi ya mutoto aliyepata pointi nzuri.

Vifaa si sababu kubwa kama wengi wanavyofikiri. Mupira wa masashe na majani makavu ya ndizi yaliyofungwa kwa kamba unatosha mwaka mzima, ukifungwa tena kila juma. Gurudumu ya baiskeli iliyokufa inafanya serso. Kiwanja kidogo kinaweza kugawanywa: nusu ya darasa inacheza nzango, nusu inashindana mbio za kupokezana kijiti, kisha wanabadilishana, na wavulana nao waingie katika nzango, haiwaui. Kitu kigumu ni direkteri kukubali kwamba saa ile ni somo kama masomo mengine na isichukuliwe, na muzazi kuacha kuuliza kwa nini mutoto amerudi na vumbi kwenye mashati.

Stadi ya Kinshasa yenyewe imebadilisha jina mara na mara. Chini ya Mobutu iliitwa stadi 20 Mai, kwa kukumbuka siku ya kuzaliwa kwa chama chake MPR, na ndilo jina lililokuwa kwenye mulango siku ya Ali na Foreman. Mobutu alipoanguka mwaka wa 1997, ikapewa jina la padri, lile la mudomoni mwa watu, Tata Raphaël, bila de la Kethulle. Mwaka wa 2023, michezo ya inchi zinazosema kifaransa ilipofanyika Kinshasa, uwanja huo ulitengenezwa tena na nyumba mupya za michezo ya ndani zikajengwa kando yake.